Bamvua la Funafuti: daftari langu la Tuvalu

Daftari lenyewe liliroa. Kuanzia ukurasa wa nne wino umetawanyika, kwa hiyo haya nimeyaokoteza kwenye kurasa zinazosomeka, picha za simu na risiti nilizozikuta mfukoni mwa suruali baada ya kurudi Unguja. Pale maandishi yalipofutika nimefuata saa ya picha.

Wengi wameniuliza Tuvalu nilifuata nini. Mimi ni fundi wa sola. Kazi hii niliingia baada ya lile giza letu la Desemba 2009 hadi Machi 2010, umeme wa kutoka bara ulipokatika miezi mitatu na mji mzima ukawa unanguruma majenereta. Tangu hapo nikisikia nchi inataka kuishi kwa umeme wa jua peke yake, nasogeza kiti nisikilize. Tuvalu ni visiwa tisa vya Pasifiki, watu kama elfu kumi na moja, na ardhi yote ukiikusanya haizidi kilomita za mraba 26. Waliahidi kufika asilimia mia moja ya umeme safi mwaka 2020. Mwaka ukapita, ikasemwa 2025, sasa inasemwa 2030. Na si kwamba jua hawana: Funafuti, mji mkuu wao, uko latitudo ya katikati ya Mafia na Kilwa. Nilitaka kuona kwa macho yangu kinachowakwamisha.

Jumanne 25 Februari 2025, Brisbane hadi Nadi

Nilikuwa Brisbane kwa dada yangu tangu Januari. Ndege mpaka Nadi, Fiji, haifiki saa nne, na hakuna la kusimulia.

La viza tu: mwenye pasi ya Tanzania asidhani atapita Australia hivi hivi. Hata kupita tu kunataka viza, na barua pepe za kuiomba zinakula wiki. Anza mapema.

Jumatano 26 Februari, basi la Nadi hadi Suva

Ndege ya Tuvalu inaruka kutoka upande wa pili wa kisiwa, karibu na Suva, kwa hiyo nilipanda basi la kupitia barabara ya kusini, Sigatoka, kama saa tano na vituo vyake. Nauli haikufika dola 30 za Fiji. Mashamba ya miwa, kisha bahari mkono wa kulia, kisha mvua.

Pembeni yangu alikaa mzee wa Kihindi wa Fiji, babu zake waliletwa kukata miwa. Alifungua karatasi ya gazeti, ndani bajia. Bajia hasa, na chatine ya ukwaju. Nikamwambia kwetu tunaziita hivyo hivyo, akacheka mpaka akakohoa, akanisukumia karatasi nzima. Aliposikia naenda Tuvalu akaniuliza swali moja tu: "Umebeba pesa taslimu?"

Hilo ndilo la kuzingatia. Tuvalu wanatumia dola ya Australia, na nilipokwenda mimi hakukuwa na mashine hata moja ya kutolea pesa nchini, wala duka la kupokea kadi. Nilibeba dola 1,400 taslimu kwa wiki nzima, kitanda, chakula, pikipiki na akiba. Mwezi mmoja na ushei baada ya mimi kuondoka, Aprili 2025, wakazindua ATM ya kwanza, na mji mzima ulisherehekea kwa keki. Hata hivyo ningekuwa wewe ningebeba taslimu vile vile.

Suva nilinunua tende kilo moja. Ramadhani ilikuwa mlangoni.

Alhamisi 27 Februari, Suva hadi Funafuti

Ndege ni ya mapanga, ndogo, na uzito unapimwa kwa ukali. Tulipofika ndipo tukajua mabegi manane yamebaki Suva, langu mojawapo. Tende, spana, mita ya umeme, nguo: vyote. Nilibaki na daftari, simu, pesa na shati la mwilini.

Lakini kwanza niseme nilichokiona dirishani. Saa mbili na nusu za bluu tupu, halafu inatokea bangili. Visiwa vingi vya huku ni ukanda mwembamba wa matumbawe uliozunguka bahari ya ndani iliyotulia, na nje yake bahari kuu yenye mawimbi. Fongafale, kisiwa wanachoishi wengi, kina urefu wa kilomita kama 12, na penye upana mkubwa kabisa ni mita 400. Kwingine ukisimama katikati ya barabara unatupa jiwe bahari hii, unageuka unatupa jingine bahari ile. Nilijaribu siku iliyofuata. Yote mawili yalifika.

Kabla ndege haijatua kinapigwa king'ora, watu na mbwa watoke uwanjani. Kwa sababu uwanja wa ndege, ndege zikiwa hazipo, ndio uwanja wa mpira, wa wavu, wa kujifunza pikipiki, na usiku wa joto ndio kitanda. Wamarekani waliujenga mwaka 1943 wakati wa vita, wakachimba matumbawe ya kisiwa hicho hicho kuutengeneza, wakaacha mashimo makubwa yaliyokaa miaka zaidi ya sabini yakijaa maji ya chumvi na taka. Yalikuja kufukiwa 2015 kwa mchanga uliovutwa kutoka bahari ya ndani.

Mama mwenye nyumba ya wageni alikuja kunipokea kwa pikipiki. Aliponiona mikono mitupu hakuuliza. Tulipofika alinitolea sulu mbili za marehemu mumewe na fulana. Sulu ni kikoi, hakuna namna nyingine ya kuieleza. Nikaifunga kama ninavyofunga nyumbani, akasimama akaangalia, akasema nimeifunga vibaya, akanifunga upya.

Ijumaa 28 Februari, juu ya paa

Pikipiki nilikodi kwa jirani, dola 10 kwa siku, mafuta juu yako. Barabara moja ndiyo yote. Nusu saa unaimaliza kaskazini mpaka kwenye dampo, unageuza.

Unachokiona kila nyumba ni tangi. Matangi ya plastiki meusi na kijani, mengine makubwa kuliko chumba cha kulala, yote yameunganishwa na mifereji ya bati. Maji ya kunywa hapa ni ya mvua. Chini ya ardhi yapo maji baridi kidogo yanayoelea juu ya maji ya chumvi, lakini yameharibika, hayanyweki. Mvua wanayo nyingi, zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka, ila ikisita kidogo ni balaa: 2011 serikali ilitangaza hali ya hatari, mitambo ya kuchuja chumvi ikaletwa kwa ndege kutoka New Zealand na Australia.

Mimi kwa mazoea ya kazi hutazama paa nikaona paneli. Mama wa nyumba hutazama paa akaona kisima. Nilipomuuliza mbona upande wa kaskazini wa paa lake, ndio mzuri kwa jua huku kusini mwa ikweta, hauna paneli, akanionyesha mfereji: upande ule ndio unaojaza tangi, na hataki mtu apande pale kila mwezi kufuta vumbi na kinyesi cha ndege kikashuka kwenye maji ya wajukuu. Paneli zake nne ziko upande wa magharibi, zinalalia jua la jioni. Miaka yote hii nimepima mapaa kwa mita za mraba, sikuwahi kuyapima kwa ndoo.

Mchana nilipita uwanja wa mpira wa miguu. Paneli za kwanza za maana za mji huu ziliwekwa juu ya jukwaa la watazamaji hapo mwaka 2008, kilowati 40, msaada wa makampuni ya umeme ya nje, Wajapani wakiwa mbele. Mahali walipopachagua panaeleza shida yao yote: hakukuwa na kiwanja, wakatafuta bati kubwa kuliko yote.

Chakula cha siku: wali, jodari wa kukaanga, kopo la nyama ya ng'ombe, dola 8. Mboga za majani ni adimu. Wataiwani wana bustani ya mradi, ardhi yake inatengenezwa kwa majani yaliyooza kwa sababu udongo wenyewe ni matumbawe tu. Siku ya kuuza watu wanapanga foleni alfajiri. Ukitaka tango, amka.

Jumamosi 1 Machi, bamvua

Ukurasa ulioroa ni huu.

Dada alinitumia ujumbe kwamba wao Brisbane wameshaanza kufunga. Mimi nikasema nitafuata mwezi wa macho yangu. Na mwezi huo huo ndio uliokuwa ukiivuta bahari: mwezi mwandamo, tena karibu na Machi, ndiyo bamvua, bahari kujaa kupita kawaida, kubwa kuliko zote za mwaka. Watu wa hapa wanajua tarehe zake kama tunavyojua sisi siku za kwenda kuchokoa pweza.

Saa kumi jioni begi langu lilikuja na ndege ya siku hiyo, mtoto wa jirani ameliweka kichwani. Saa kumi na moja Mama akaniambia, "Njoo nikuonyeshe bahari inavyobisha hodi." Nilidhani tunakwenda ufukweni. Tulikwenda nyuma ya nyumba, karibu na ofisi ya hali ya hewa, pakavu kabisa, nyasi na changarawe, mita mia na zaidi kutoka maji yoyote.

Tukasimama. Kwanza ardhi ikawa inang'aa, kama iliyomwagiwa mafuta. Halafu kwenye kishimo cha kaa kikatokea kiputo. Kikapasuka, kikaja kingine. Baada ya hapo maji yakaanza kutoka yenyewe kimya kimya, bila wimbi wala kelele, kila mahali kwa pamoja, kama chapati inavyotoa mafuta kwenye kikaango. Nikainama nikaonja: chumvi tupu. Ndani ya dakika arobaini yalinifika kwenye kifundo cha mguu. Ukuta wa kuzuia bahari hapa ungezuia nini? Kisiwa ni matumbawe, kina matundu kama sifongo, na bahari ikinyanyuka nje inanyanyuka na ndani.

Watoto walikuwa wanarusha maji. Nguruwe wa jirani, waliofungiwa bandani, hawakufurahia hata kidogo. Hapo ndipo nilipochuchumaa kupiga picha na daftari likaponyoka mfukoni mwa sulu.

Baadaye Mama alinipeleka kwenye shimo la pulaka la ukoo wao. Pulaka ni jamaa ya magimbi, mimea yenye majani mapana kuliko mwavuli, inayolimwa kwenye mashimo yaliyochimbwa mpaka kufikia maji baridi ya chini. Yale maji yakiingia chumvi, mizizi inaoza. Shimo lao lilikuwa na mimea sita, minne ya njano. Mamake alilisha nyumba nzima kutoka hapo.

Kuna utafiti uliochapishwa 2018 ambao wabishi wanaokataa kwamba bahari inapanda wanapenda kuutaja: ulipima visiwa 101 vya Tuvalu, hata vile vidogo vidogo, kwa picha za angani kuanzia 1971 hadi 2014 ukakuta eneo lote la nchi kavu limeongezeka asilimia 2.9, kwa sababu mawimbi yanaondoa mchanga hapa yanaurundika pale. Sina ugomvi na vipimo. Ila aliyesimama kwenye lile shimo na mimi hakuwa na shida ya ukubwa wa kisiwa.

Saa kumi na mbili na nusu, jua limezama bahari ya ndani, mwezi ukaonekana. Mwembamba kama kucha. Nikaomba dua nimesimama kwenye maji.

Jumapili 2 Machi

Siku ya kwanza ya kufunga, na siku ambayo Funafuti hakuna kinachofanyika zaidi ya kanisa. Maduka yamefungwa, pikipiki zimepungua. Ukipanga safari, nunua mahitaji Jumamosi.

Mama alikuwa amenilalamikia inveta yake, kile kifaa cha kugeuza umeme wa sola uwe wa nyumbani, tangu Alhamisi. Mwanawe ni baharia kwenye meli za kigeni, kama vijana wengi wa hapa, na alimnunulia mtambo mdogo wa kuendesha friza umeme wa mji ukikatika. Miezi miwili umezima. Nilitoa spana zangu mpya kutoka begini nikaelekea ukutani. Akanizuia mlangoni. "Jumapili hatugusi spana. Hata ya mgeni."

Nililala mchana kutwa. Jioni alinishangaza. Alikuwa ameuliza kwa watu Waislamu wanafungulia nini, na mezani nilikuta shelisheli limepikwa kwa tui zito, samaki wa kuchoma, na bilauri ya kaleve. Kaleve ni utomvu wa mnazi unaogemwa asubuhi na jioni. Nilisita, kwa sababu kwetu mgema namjua anapoishia. Akacheka: huu umeteremshwa nusu saa iliyopita, bado ni sukari, ukilala usiku kucha ndipo unapata jina jingine. Nikafungulia tende, nikanywa. Lile shelisheli lingeletwa nyumba yoyote ya Mji Mkongwe, hakuna ambaye angejua limetoka Pasifiki.

Jumatatu 3 Machi, mjusi

Nilifungua inveta saa moja asubuhi kabla ya joto. Nilichokikuta nimekikuta Nungwi, Paje na Makunduchi: mjusi kafiri, amekauka, amelala juu ya bodi, mkono mmoja upande wa chanya na mguu upande wa hasi. Wanafuata joto na wadudu wa taa, wanaingia kwenye matundu ya kupozea. Mtengenezaji aliyekaa nchi ya baridi hajui habari za mjusi.

Fyuzi ilikuwa imekatika na njia moja ya shaba imeungua. Fyuzi ya kiasi kile dukani hakuna, na meli ya mizigo haijulikani lini. Jirani mvuvi akaleta inveta mfu iliyokuwa chini ya kitanda chake, tukaikata viungo. Mkewe ana kaka anayefanya kazi zahanati, akatupatia spiriti ya kusafishia bodi. Njia iliyoungua niliirukisha kwa waya na risasi ya kulehemu.

Paneli zilinitisha zaidi. Reli za alumini, bolti za chuma cha kawaida kilichopakwa zinki. Metali mbili, chumvi katikati: ni betri isiyo na faida, na anayeliwa ni mmoja wao. Bolti ya kwanza niliyoishika kwa spana ilibaki mkononi kama kipande cha biskuti. Saba kati ya kumi na sita zilikuwa hivyo. Upepo wa maana ungezipeleka paneli bahari kuu. Mvuvi yule yule akaleta bolti za stenlesi za boti yake, na kwa kuwa hata stenlesi haifai kugusana na alumini moja kwa moja, tulikata washa kutoka kandambili iliyochoka. Matundu ya inveta nikayaziba kwa chandarua cha plastiki. Saa tisa friza ikaguruma. Nilikataa pesa, nikakubali samaki.

Jioni nilikwenda bwawa la Tafua, pembeni ya uwanja wa ndege. Hapo zinaelea paneli juu ya maboya, kilowati 100, zilizowekwa kwa mradi wa Benki ya Maendeleo ya Asia. Ni kazi safi na maji yanazipoza, jambo jema kwa sababu paneli ikichemka inazalisha pungufu. Lakini hesabu yake ni ya kunyenyekeza: zinatoa kama asilimia 2 ya umeme wa Funafuti kwa mwaka. Bwawa lote, asilimia mbili.

Jumanne 4 Machi, dizeli

Nilizungumza na fundi mmoja wa umeme wa mji nje ya geti, yeye akivuta sigara, mimi nikitamani maji. Mradi huo huo uliweka pia kilowati 500 kwenye mapaa ya majengo ya umma na betri za megawati-saa 2, lengo likiwa kuitoa Funafuti asilimia 15 ya umeme safi kuifikisha 32. Visiwa vya nje, alisema, habari nyingine kabisa. Kule watu ni wachache, kiwanja kipo, na vilikuwa vimeshafika kama asilimia 70 kabla ya mradi. Shabaha ikawa zaidi ya 90. Mtu wa kisiwa cha mbali anapika chai kwa jua, wa mji mkuu bado anasubiri meli ya dizeli kutoka Fiji.

Nikamuuliza kwa nini wasipange ardhi. Akanitazama kama nimeuliza kwa nini wasinunue mlima. Ardhi hapa ni ya koo. Kila mnazi una mwenyewe na kila mwenyewe ana binamu kumi na wawili, na serikali yenyewe ni mpangaji. Zaidi ya nusu ya watu wa nchi wamejazana Fongafale. "Jua halina kodi," alisema, "mahali pa kulianika ndipo penye kodi."

Kisha akaniuliza bei ya kazi Zanzibar, na kama tuna mijusi.

Jumatano 5 Machi, ardhi mpya

Kwenye ufuko wa bahari ya ndani sasa kuna ukanda mweupe ulionyooka kama uliokatwa kwa rula: mita 780 kwa 100, mchanga ulionyanyuliwa kutoka chini ya maji ukarundikwa juu kuliko bamvua. Ulikamilika 2023 kwa fedha nyingi za Mfuko wa Kijani wa Tabianchi. Upo mpango mrefu zaidi, wa kuinua kilomita za mraba 3.6. Siku ile palikuwa na upepo, mchanga unapiga miguu, vijana wanacheza mpira wa wavu.

Niliwauliza watano waliokuwa pembeni kuhusu ule mkataba na Australia, Falepili, ulioanza kutumika Agosti 2024 na unaoruhusu watu hadi 280 kuhamia kila mwaka. Bahati nasibu yake ilikuwa bado haijafunguliwa, na ilipofunguliwa Juni walijiandikisha watu 8,750, ukihesabu na familia zao. Watatu walisema wataomba. Mmoja alisema bibi yake hataki, basi. Wa tano alikuwa mwanafunzi wa ufundi umeme. Huyo hakujibu swali, alitaka kujua kama ni kweli betri za lithiamu hazipendi joto. Tukakaa mpaka karibu na magharibi, yeye anachora kwenye mchanga kwa kijiti, mimi nafuta na kusahihisha.

Hapa nitoe ushauri kwa fundi yeyote anayekwenda visiwa vya namna hii: acha zawadi za kofia na fulana. Beba bolti za stenlesi, washa za nailoni, fyuzi za aina zote na chandarua.

Alhamisi 6 hadi Ijumaa 7 Machi

Mvua na upepo, ndege haikuja. Ijumaa nayo hakuna. Mji wote ulijua kabla yangu, kwa sababu king'ora hakikulia. Weka siku tatu za akiba kabla ya ndege yako kubwa ya kurudi, na pesa za kulalia. Mama alikataa kunidai siku mbili hizo, nikaziweka chini ya sahani, akanirudishia ndani ya kiatu.

Matangi yalijaa mpaka yakamwagika.

Jumamosi 8 Machi

King'ora cha kwanza kililia saa tano. Watoto wakafungua wavu wao wa mpira wakauburuta nje ya uwanja, mbwa mmoja akagoma, akabebwa. Mvuvi alikuja na chupa ya kamaimai, asali ya utomvu wa mnazi iliyochemshwa. Mama alinifunga sulu kwa mara ya mwisho juu ya suruali yangu, hapo hapo mbele ya foleni ya uhamiaji, akasema sasa naweza kwenda.

Fafetai, ndiyo asante yao. Niliisema mara nyingi kuliko nilivyoiandika.

Wiki mbili baadaye, niko Unguja, ilikuja picha kwenye simu bila maneno. Ni inveta ukutani, taa ya kijani inawaka, chandarua kimekaza. Na juu ya chandarua, kwa nje, mjusi amejibandika anachungulia ndani.